Umejifunza gita mwenyewe? Namna ya kulisha sikio lako na kuanza kupiga solo za papo hapo

Watu wakisema fulani kajifunza gita bila mwalimu mi huwa nacheka kidogo, maana walimu walikuwepo tena wengi tu, ila walikuwa ndani ya rekodi na hawakujua kama wana mwanafunzi. Mtu aliyejifunza mwenyewe ukimpa dakika mbili apige solo utajua anashinda na nani masikioni, hata kama mwenyewe hajawahi kujiuliza. Na hapo ndo kwenye ishu yenyewe, sababu wengi wetu tunasikiliza hovyo hovyo, leo huyu kesho yule, alafu siku tukiambiwa haya piga chochote vidole vinatoa vile vipande vinne vitano vya kila siku. Haya maelekezo ni ya kutibu hilo. Nimeyaandika nikiwa na gita kichwani lakini mtu wa kinanda, saksafoni au udi anaweza kuyafuata bila shida, labda habari ya freti ndo airuke.

Na tukubaliane mapema, solo ya papo hapo haitoki hewani. Unachotoa ni kile ulichokimeza kitambo kikakaa tumboni mpaka ukasahau ulikipata wapi. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kusikiliza, na nusu nyingine ni kujibana mpaka ulichosikiliza kitoke kikiwa kimebadilika.

Kaa na mtu mmoja mpaka umchoke

Wes Montgomery, mpiga gita wa jazz wa Marekani, alianza kushika gita kwa bidii akiwa na miaka kama 20 hivi, umri ambao wengi wanajiambia wameshachelewa. Hakujua kusoma nota. Alichofanya ni kuchukua rekodi za Charlie Christian, mpiga gita wa jazz aliyemtangulia, na kuzikariri solo zake kwa sikio, moja baada ya nyingine, mpaka akapata kazi klabu kwa ajili ya hizo hizo solo, anapanda anazipiga, zikiisha anashuka kwa sababu hana kingine cha kupiga. Aliyemwona wakati ule angesema huyu ni kasuku tu. Baadaye huyo huyo kasuku akaja kuwa mmoja wa wapiga solo wanaoheshimika kuliko wote kwenye gita la jazz, anapiga kwa kidole gumba badala ya piki, na anapiga noti ya chini na oktavu yake ya juu kwa pamoja kwa spidi ambayo mpaka leo watu wanahangaika nayo.

Kwa hiyo ukiambiwa usiige watu, kuwa wewe, itikia kwa heshima alafu endelea kuiga. Mwanzoni huyo "wewe" bado hana hata sentensi moja ya muziki ya kusema.

Namna ya kuiga sasa. Chagua solo fupi, vipimo 8 au 12 inatosha (kipimo kimoja ni yale mapigo manne unayohesabu moja mbili tatu nne), na iwe solo unayoipenda kweli, sio ile ambayo watu wamekuambia ni kali. Siku za mwanzo usiguse gita kabisa. Sikiliza mpaka uweze kuiimba yote kwa mdomo pamoja na rekodi, na ukiimba usiishie kwenye noti tu, imba na pale anapochelewa kidogo, pale anapokata noti ghafla, pale anaponyamaza. Lennie Tristano, mpiga piano aliyefundisha wengi, alikuwa anawafanya wanafunzi wake waimbe solo za Lester Young, mpiga saksafoni, kabla ya kuzipiga, na sababu yake ukiijaribu utaielewa mwenyewe: kama huwezi kuiimba basi hujaisikia bado, umeipitia tu.

Ukishaweza kuimba ndo unachukua gita, tafuta noti ya kwanza, alafu ya pili, kipande kwa kipande. Programu za kupunguza spidi zipo kibao kwenye simu na zinapunguza bila kubadilisha urefu wa noti kwenda juu au chini, weka asilimia 70 au hata 50 kama mtu anakimbia sana. Piga sambamba na rekodi. Ukifika mahali hutofautishi gita lako na lake, zima rekodi upige peke yako kwenye metronomu, hapo ndo utajua kama umeipata au ulikuwa unabebwa. Kuandika nota au tabu (ile michoro ya nyuzi na namba za freti) usiandike mpaka mwisho, na hata ukiandika iwe kwa kumbukumbu tu, maana karatasi ikitangulia sikio linalala.

Solo tatu nne za mtu mmoja zikishaingia namna hii utaanza kugundua kitu kizuri sana, jamaa anajirudia. Ana njia zake za kuingia, ana noti anayopenda kutulia, ana kamwisho kake. Hayo ndo madini yenyewe. Huhitaji solo zake zote, unahitaji kujua tabia zake.

Alafu panda ukoo wake

Hapa ndo wengi wanapoishia na ndo ninapoona utamu wote upo. Mtu unayempenda naye alikuwa na mtu aliyempenda. Wes alitoka kwa Charlie Christian. Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman 1939 na kufariki 1942 akiwa na miaka 25 tu, alikuwa amelishwa na saksafoni ya Lester Young, na ndo maana gita lake linaongea kwa mistari mirefu ya noti moja moja kama mtu wa kupuliza. Lester Young naye alikuwa anamtaja Frankie Trumbauer, mpiga saksafoni wa miaka ya 1920 ambaye vijana wengi wa gita hawajawahi hata kumsikia jina. Na ukienda pembeni kidogo unamkuta mpiga saksafoni Charlie Parker, yeye pia alipokuwa kijana alijifungia na rekodi zenye solo za huyo huyo Lester Young. Yaani babu mmoja, wajukuu wawili hawafanani hata chembe.

Faida ya kupanda ukoo ni mbili. Moja, ukimsikiliza babu unaelewa mjukuu alichukua nini na akaacha nini, na hicho alichoacha mara nyingi ni mali ya bure, hakuna mtu wa rika lako anayekitumia. Pili, ukipanda vya kutosha lazima utatoka nje ya chombo chako. Mpiga gita unajikuta unasikiliza saksafoni, mpiga saksafoni anajikuta kwa mwimbaji, na hapo vidole vinakosa njia ya mkato. Gita halina pumzi, unaweza ukapiga noti mia bila kupumua na ndo tatizo letu kubwa. Ukiiga mtu wa kupuliza unalazimika kuacha nafasi pale alipovuta pumzi. Fanya hivi, piga solo yako huku unatoa pumzi taratibu kwa mdomo, pumzi ikiisha vidole navyo vinasimama, vuta pumzi, endelea. Kizamani lakini kinafanya kazi haraka kuliko zoezi lolote la spidi nililowahi kuona likitangazwa.

Ukishindwa kuiga, angalia vizuri ulichoshindwa nacho

B.B. King, mpiga gita wa blues, alitaka kutoa ile sauti ya kulia ya binamu yake Bukka White, aliyekuwa anapiga kwa kuteleza kitu kigumu juu ya nyuzi. Hakuweza kuimudu hiyo mbinu. Akawa anatetemesha mkono wa kushoto juu ya noti ili apate kitu kinachokaribia, na huko kutetemesha ndo kukawa saini yake, noti moja tu ikilia unajua ni nani. Django Reinhardt, mpiga gita wa jazz, naye aliungua kwenye moto wa karavani 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa havifanyi kazi sawasawa, akatengeneza upya namna yake ya kupiga na solo zake akawa anazipiga kwa vidole viwili vilivyobaki vizima.

Sikutajii hawa ili kukutia moyo, nakutajia kwa sababu kuna hatua ya kufanya hapa. Kila ukiiga solo kuna sehemu itakushinda, kidole hakifiki, spidi haipo, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni pana mno. Usiipige kwa lazima mwezi mzima. Jiulize ile sehemu inafanya kazi gani kwenye wimbo, inapandisha joto, inachelewesha mwisho, inajibu sauti ya mwimbaji? Alafu tafuta namna yako ya kufanya kazi hiyo hiyo kwa vidole ulivyonavyo. Hicho utakachokipata kiandike mahali, kina thamani kuliko solo tatu ulizoziiga bila kosa.

Daftari la vionjo

Weka daftari, au faili za sauti kwenye simu, la vipande unavyovipenda. Kipande kisizidi vipimo viwili. Na kila kipande kikiingia lazima kipitie mateso haya: kipige kwenye funguo zote 12 (yaani ukianzia kwenye kila noti kati ya zile 12), kianzishe kwenye pigo la pili badala ya la kwanza, badilisha noti yake ya mwisho, kipige kinyumenyume kama kinakubali, kigeuze mdundo wake ubakize noti, alafu geuza noti ubakize mdundo. Hilo la mwisho ndo kubwa, mdundo wa mtu ukiuweka kwenye noti nyingine kabisa hakuna atakayejua ulikoutoa.

Na usichukue kila kitu kwa kila mtu. Kwa huyu chukua mdundo, kwa yule chukua namna anavyonyamaza, kwa mwingine sauti ya gita tu. Mtu akichukua noti, mdundo na sauti vyote kwa mtu mmoja basi kamtafuna mzima mzima na itaonekana.

Sasa tuanze kupiga

Anza na noti mbili. Nakuambia ukweli, noti mbili tu. Weka mdundo wowote unaojirudia, wa kodi moja, tuseme A maina, alafu chukua A na C upige dakika tano bila kutoka hapo. Dakika ya kwanza utaona upuuzi, ya pili utachoka, kuanzia ya tatu utaanza kufanya yale ambayo solo inahitaji kweli, kupiga kwa nguvu na kwa upole, kuchelewa, kurudia, kuuliza swali na kulijibu, kukaa kimya vipimo viwili vizima. Vyote hivyo havihitaji skeli (ule mpangilio wa noti za kupanda na kushuka). Kesho yake ongeza D. Baadaye ongeza E na G, sasa una pentatoniki maina nzima, skeli ya noti tano, A C D E G, ile ambayo kila mtu anaanza nayo siku ya kwanza na ndo maana kila mtu anaikimbiza juu chini kama anafanya mtihani.

Hatua inayofuata ni kusikia kodi zinavyobadilika chini yako. Chukua mzunguko wa C, F, G na kurudi C, mzunguko uliobeba nyimbo zisizo na idadi, ukiwemo upande mkubwa wa sebene za rumba ya Kongo, zile sehemu za kucheza ambapo gita linatawala. Noti za C ni C E G, za F ni F A C, za G ni G B D. Piga noti moja tu kwa kila kodi, pigo la kwanza, na uchague noti iliyo jirani na uliyotoka. Kwa mfano G juu ya C, alafu A juu ya F, alafu B juu ya G, alafu C ukirudi nyumbani. Umeona, unapanda ngazi moja moja na kila noti ni ya kodi yake. Nyingine: E, F, D, E. Imba hizo njia mpaka zikae, alafu zitumie kama nguzo, kati ya nguzo na nguzo piga unavyotaka, ili mradi pigo la kwanza ufike kwenye nguzo. Mtu akikusikia atasema huyu anazijua kodi zake, kumbe unajua noti nne.

Kuna njia nyingine ambayo mi naipenda zaidi kwa sababu haianzii kwenye skeli wala kodi, inaanzia kwenye wimbo wenyewe. Lee Konitz, mpiga saksafoni aliyekuwa mwanafunzi wa huyo Tristano niliyemtaja juu, alieleza njia ya hatua kumi ambapo unaanza kwa kupiga melodi ya wimbo kama ilivyo, bila kuongeza hata nukta, alafu unaipamba kidogo, alafu kidogo zaidi, na hatua kwa hatua unasogea mbali mpaka mwisho unapiga kitu kipya kabisa lakini bado kinakumbuka kilikotoka. Watu wa haraka wataruka hatua za kwanza, ndo zile muhimu sasa. Chukua wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni na kaa nao. Mzunguko wa kwanza melodi tupu. Wa pili badilisha mdundo tu, noti zibaki. Wa tatu ongeza noti za kupita katikati. Wa nne acha nusu ya melodi na jaza mwenyewe. Ukijihisi umepotea rudi kwenye melodi, ipo pale pale haijaenda popote.

Watu wengine wanaimprovaizi vipi

Tusidhani jazz ndo mwenye mali. Wapiga udi na fidla wana taksimu, ile solo inayotangulia au kukaa katikati ya wimbo, mara nyingi haina mdundo uliofungwa, na watu wa taarabu wanaijua vizuri tu. Mpangilio wake una akili sana: anaanzia sehemu ya chini ya skeli, anakaa pale pale na noti chache mpaka zikolee, anapanda taratibu, anaweza kuchungulia skeli nyingine, anafika kileleni alafu anashuka kurudi nyumbani. Muziki wa kale wa India kaskazini una kitu kinaitwa alapu, ambapo mpigaji anaifungua raga (skeli pamoja na njia zake za kuipita) polepole noti kwa noti kabla ngoma haijaingia.

Iga mpangilio huo hata kama hujui makamu (skeli za muziki wa Kiarabu) hata moja. Acha uzi wa A au wa D ulie wazi kama noti ya nyumbani, zima metronomu, na piga dakika tano. Sheria ni kwamba huruhusiwi kuongeza noti mpya mpaka zilizopo uwe umezichosha. Zoezi hili linatibu ugonjwa wa kuanza solo ukiwa tayari kileleni, maana ukianza na vitu vyako vyote kipimo cha kwanza, cha tano utafanya nini?

Sebene nayo ina funzo lake tofauti kabisa. Mpiga solo hakimbiikimbii. Anashika kipande kifupi anakirudia, anakirudia, anageuza noti moja, anakirudia tena, mpaka mchezaji amekishika mwilini ndo anahama. Wakati huo gita la ridhimu na la mi-solo (la kati ya ridhimu na solo) wanasuka chini yake na kila mmoja ana nafasi yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kama umezoea solo za kila kipimo kitu kipya jaribu hii: kipande kimoja, vipimo 16, unaruhusiwa mabadiliko madogo tu. Ni ngumu kuliko inavyosikika, mkono unawasha.

Na kwa wanaoogopa kodi nyingi, kuna rekodi ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959, Kind of Blue, ambayo wimbo wake wa kwanza, So What, una vipimo 32 na skeli mbili tu, vipimo 16 vya D doriani (doriani ni skeli inayokaribia maina), vinane vya E bemoli doriani, vinane vya mwisho unarudi D. Kwenye gita maana yake ni umbo lile lile unasogeza freti moja juu alafu unarudisha. Ukiwa na skeli moja muda wote huo hakuna kodi ya kujificha nyuma yake, unabaki na mdundo na melodi. Jirekodie hizo kodi kwenye simu upige juu yake, utajifunza haraka sana kama una la kusema.

Metronomu, kidogo tu

Weka metronomu kwenye 50, alafu milio yake ihesabu kama pigo la pili na la nne, hapo unapiga kwenye spidi ya 100 na pigo la kwanza unalibeba mwenyewe kichwani. Ukiweza kupiga solo hivyo bila mapigo kukugeukia, la pili likawa la kwanza, basi umeiva upande huo. Mengine ya metronomu utayakuta kila mahali.

Jirekodi, alafu jipige marufuku

Kila wiki rekodi solo moja ya dakika tatu. Usiisikilize siku hiyo, ikiwa bado moto utasikia ulichotaka kupiga na sio ulichopiga. Iache siku mbili. Ukiisikiliza kaa na daftari, uandike mambo matatu: ni nani anasikika humu ndani (kuwa mkweli, mtaje jina), ni kipande gani umekirudia bila kukusudia, na ni wapi uliposhangaa mwenyewe. Hicho ulichokirudia bila kukusudia kipige marufuku wiki nzima inayofuata. Kama ni kile kishuko cha pentatoniki ambacho kila mtu anacho, marufuku. Kama unaanza kila sentensi kwenye pigo la kwanza, marufuku. Utajisikia kama umenyang'anywa mkono na kwa siku mbili tatu utapiga vibaya, alafu vidole vinaanza kutafuta njia nyingine vyenyewe. Wiki ikiisha kirudishe, hakuna ubaya, ila sasa kitakuja kwa ruhusa yako.

Pale uliposhangaa ndo pa kufanyia kazi. Kirudie, kijue, kiweke kwenye daftari la vionjo pamoja na vya wale wakubwa, kipitie funguo 12 kama wenzake.

Ladha ikibadilika usigombane nayo

Itafika siku yule uliyemwabudu hakusisimui tena. Wengine wanashtuka wanadhani wameacha kupenda muziki, wengine wanajilazimisha. Mi naona mwache aende, umeshamla vya kutosha, na vitu vyake vitakuja vyenyewe kwenye solo usipovitarajia. Nenda kwa mwingine na uchague aliye mbali. Kama ulikuwa na mtu wa noti nyingi nenda kwa mtu wa noti chache. Kama ulikuwa na wapiga gita muda wote nenda kwa mwimbaji. Miezi miwili mitatu na mtu mmoja inatosha kwa wengi, kuruka kila wiki hakukupi kitu.

Ali Farka Touré wa Mali alijifunza mwenyewe, na kabla ya gita alikuwa na vyombo vya kwao vya uzi mmoja. 1956 alimsikia Fodéba Keïta wa Guinea akipiga gita ndo akalitamani, na alipolipata hakutupa alichokuwa nacho, alihamishia ule upigaji wa uzi mmoja kwenye gita, ndo maana gita lake linazunguka zunguka kwenye noti ya nyumbani na halifanani na la mtu aliyeanza na kodi. Kwa hiyo usione aibu na ulikoanzia. Kama ulianza na kwaya, na nyimbo za dini, na ngoma, na kinanda kibovu cha betri, hiyo ndo lafudhi yako. Ukiwa unasikiliza jipya, kila baada ya muda rudi upige kitu cha kwanza kabisa ulichojua, kwa vidole vya sasa hivi. Kitatoka tofauti, na tofauti hiyo irekodi.

Ukienda kujamu na watu

Chumbani unaweza kujidanganya, na wenzako huwezi. Vitu vichache vya kushika. Solo yako isizidi mizunguko miwili mpaka watu wakuombe. Mzunguko wa kwanza msikilize mpiga ngoma kuliko unavyojisikiliza, kopa mdundo mmoja kutoka kwake uujengee sentensi. Mkipokezana vipimo vinne vinne anza na noti ya mwisho ya mwenzako au na mdundo wake, asikie kwamba ulikuwepo alipokuwa anaongea. Mwimbaji akiimba, kaa kimya, ingia kwenye mapengo yake tu.

Ukigonga noti mbaya, na utagonga, kumbuka kwamba iwe uko kwenye skeli ya meja au pentatoniki noti yoyote ya nje iko freti moja tu na noti ya ndani. Telezesha juu au chini bila haraka. Au irudie kwa makusudi alafu ndo utelezeshe, mara ya pili inasikika kama ulipanga. Kitu kibaya ni kukunja uso na kusimama, hakuna aliyesikia kosa mpaka uso wako ukawaambia.

Mkimaliza usikimbilie kumuuliza mpiga gita mwenzio solo ilikuwaje, atakuambia habari za skeli na pedali. Muulize mpiga ngoma au wa besi, swali moja tu: nilikuwa nawahi au nachelewa? Wao walikuwa wanakubeba muda wote kwa hiyo wanajua. Wakisema ulikuwa unawahi, na sisi wa kujifunza wenyewe karibu wote tunawahi, wiki inayofuata lile zoezi la metronomu kwenye 50 lifanye kila siku kabla hujagusa kitu kingine.